Namba ya Rodi ya Kushoto

Msusi alikuwa amemaliza nusu ya kichwa, upande wa kushoto, wakati mzaha wake ulipoharibu siku nzima.

Aliyekuwa akisukwa ni fundi wa ndege, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, ambaye karakanani walimwita Bi Hakika. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kwa miaka kumi na sita hakuwahi kupokea jibu la mtu bila kuuliza, "Una hakika?" Ukimwambia nati imekazwa, una hakika? Ukimwambia chai imeiva, una hakika? Siku hiyo ilikuwa ya mapumziko, ya kwanza baada ya zamu tisa mfululizo, na alikuwa amejiegemeza kitini macho yamelegea.

"Dada, ukae mkao wa kula," msusi alisema huku akichana. "Nywele zako nzito, na saa yangu ndiyo hiyo, inasema saa hamsini na tano. Hapa utatoka wiki ijayo."

Bi Hakika akafumbua macho. Nyuma yao ukutani kulikuwa na saa ya tarakimu nyekundu, zile za vijiti vilivyonyooka. Kwenye kioo mbele yake ilisomeka 55:01. Akacheka. Akageuza shingo aitazame saa yenyewe: 10:22. Saa nne na dakika ishirini na mbili.

Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Nimekuvuta sana?" msusi akauliza.

"Hapana. Nipe kalamu."

"Kalamu?"

"Kalamu, mdogo wangu. Yoyote."

Msusi akampa kalamu ya kuandikia miadi ya wateja. Bi Hakika akaandika kiganjani, kwa tarakimu za pembe pembe kama zinavyochongwa kwenye chuma: 2085. Akakiinua kiganja mbele ya kioo. Kioo kikamjibu: 2805. Akafuta kwa mate, akaandika 5082, akainua tena. Kioo kikasema 5802.

Alisimama na kitana kikiwa bado kimening'inia kichwani.

Ili mtu aelewe kilichomsimamisha, lazima arudi nyuma siku nne. Jumanne ile karakana ilipokea agizo la lazima kutoka mamlaka ya usafiri wa anga. Kwenye mkia wa ndege kuna bawa dogo linalopanda na kushuka, ndilo linaloinua pua ya ndege au kuishusha. Bawa hilo husukumwa na rodi mbili za chuma, moja kulia na moja kushoto. Kiwandani iligundulika kwamba rodi za toleo moja, kuanzia namba 1900 mpaka 2300, zilikomazwa vibaya motoni wakati wa kuundwa na zinaweza kupata ufa. Agizo lilikuwa fupi: kagua namba, ukikuta rodi ya toleo hilo, ndege isiruke tena mpaka itolewe na kuwekwa nyingine. Karatasi za aliyekuwa mwenye ndege zamani hazikutaja namba hizo, kwa hiyo njia ilikuwa moja tu, kupanda na kusoma kwenye chuma chenyewe.

Bi Hakika alipanda. Rodi ya kulia aliisoma kwa macho yake, 6114, salama. Ya kushoto ilikuwa imegeuzia namba ukutani, mahali ambapo hata mkono wa mtoto ungekwama. Akaingiza kioo kidogo chenye shingo ndefu, kile kinachofanana na cha daktari wa meno, akamulika tochi, akasoma kwa sauti yale aliyoyaona: "Mbili, nane, sifuri, tano!"

Chini ya ngazi alikuwepo mwenzake na daftari. Huyo alikuwa mdogo wa mume wake, na kwa kuwa Bi Hakika alimwita shemeji, karakana nzima ilimwita Shemeji, hata mkurugenzi, ambaye hakuwa ameoa kwao wala kwa jirani yao.

"Ni ya kioo?" Shemeji aliuliza.

"Ya kioo. Geuza."

Shemeji akageuza, ya mwisho ikawa ya kwanza: tano, sifuri, nane, mbili. 5082. Nje ya toleo. Bi Hakika akatikisa kichwa kukubali. Shemeji aligeuza mpangilio, lakini hakuna aliyekumbuka kugeuza umbo. Tarakimu za pembe pembe zina hila: kwenye kioo mbili huwa tano na tano huwa mbili, na sifuri na nane hazibadiliki zikakushtua. Kungekuwa na nne au saba, wangeshtuka.

Kazi yoyote ya usukani wa ndege hutiwa saini mbili. Wa kwanza anafanya, wa pili anapanda mwenyewe kuangalia kwa macho mapya. Shemeji alitia saini ya pili akiwa palepale chini. Mkewe alikuwa amejifungua mapacha, usingizi ulikuwa umemhama, na ngazi ilikuwa ndefu. "Ukishasema wewe, shemeji, nani tena aseme?" alimwambia. Na yeye, Bi Hakika, siku hiyo hakumuuliza kama ana hakika.

Sasa alikuwa nje ya saluni, mtandio kichwani, nusu kichwa kimesukwa na nusu kimesimama kama kichaka, simu sikioni.

"Shemeji, ile ndege ya Jumanne iko wapi?"

"Salamu kwanza. Mapacha hawajalala, na mimi—"

"Iko wapi?"

Sauti ikabadilika. "Imekwenda safari ya mbali. Imeshatua kule. Inaondoka kurudi saa sita kasoro dakika ishirini. Kuna nini?"

Akamweleza. Alieleza haraka, akitembea huku na kule mbele ya duka la viatu, akigeuka kila baada ya hatua sita. Upande wa pili ukasikika mlango ukifungwa taratibu.

"Sikiliza," Shemeji alisema kwa sauti ya chini. "Saa saba kasoro dakika tano inatua hapa. Tunapanda mimi na wewe, tunaangalia. Kama ni hiyo namba mbovu, tunaibadilisha, tunarekebisha karatasi. Kwisha. Nani atajua?"

"Na hiyo safari ya kurudi?"

"Imesharuka siku nne, shemeji."

"Ndiyo maana naogopa safari moja zaidi."

"Hata hujui kama ulikosea! Unakumbuka kweli ulichokiona, au ni hicho kioo cha msusi kinakuchezea akili?"

Swali hilo lilimpata pabaya. Alifumba macho ajaribu kuiona tena namba ile kwenye mwanga wa tochi. Dakika moja aliiona inaanza na mbili, dakika nyingine na tano. Kadiri alivyoitafuta ndivyo ilivyoyeyuka. Kilichobaki imara ni sauti yake mwenyewe ikisema mbili, nane, sifuri, tano.

"Nina barua ya onyo tayari," Shemeji aliendelea. "Moja. Ya pili, wananinyang'anya muhuri wa kuidhinisha kazi. Una mume mwenye kazi. Mimi nina mapacha wa wiki tano. Nakuomba. Saa mbili tu."

Bi Hakika aliangalia saa. Saa nne na dakika arobaini.

"Nakupa dakika tano umpigie wewe mwenyewe mkuu wa ubora. Ukimpigia wewe, itakuwa afadhali kwako."

"Na nisipompigia?"

Alikata simu, akahesabu dakika tano akizunguka kwenye kijia kile mpaka mwenye duka la viatu akatoka kumuuliza kama anamtafuta mtu. Kisha akapiga.

Mkuu wa ubora alikuwa mwanamume mkavu, waliyempa jina la Nukta kwa sababu angeweza kurudisha ripoti ya kurasa arobaini kwa kukosekana nukta moja. Alipokea kwa kusema, "Ndiyo." Hakuwa amepigiwa na mtu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Una hakika?" aliuliza.

"Sina. Ndiyo maana nakupigia."

"Naisimamisha sasa hivi," Nukta akasema. "Njoo karakanani. Tunaondoka na ndege ya saa nane, wewe, mimi na rodi mpya."

Safari ilikuwa ya saa moja na robo. Bi Hakika alikaa kiti cha dirishani, hakutazama nje hata mara moja. Alikuwa akisikiliza. Kila ndege ilipoinamisha pua, miguu yake ilikaza sakafu kama dereva anayetafuta breki. Nukta, pembeni yake, alisoma agizo upya kwa kalamu mkononi.

"Ukikuta ni 5082?" Bi Hakika aliuliza ghafla.

"Nitaandika kwamba ni 5082."

"Na abiria mia moja na thelathini waliolala kwenye viti vya chuma bure?"

"Nitaandika hilo pia."

Walipotua waliwakuta abiria hao katika ukumbi wa kusubiri, wengine wamejinyoosha juu ya mabegi, wengine wakimzunguka binti wa shirika aliyekuwa amebakiwa na sentensi moja tu, "Tunaomba uvumilivu." Njia ya kwenda uwanjani ilipita katikati yao. Mwanamke mmoja aliyevaa miwani alimwona Bi Hakika na ovaroli yake, akamzuia kwa mkono.

"Nyie ndio mafundi? Nani kaisimamisha hii ndege?"

Nukta alifungua mdomo, lakini Bi Hakika alitangulia. "Mimi."

"Baba yangu anaingizwa chumba cha upasuaji saa kumi. Nilitaka nimwone kabla. Wamesema huenda asi..." Hakumaliza. "Ni mbovu? Niambie basi kama ni mbovu, nijue nimekosa kwa sababu."

"Sijui, dada yangu. Ndiyo naenda kuangalia."

"Hujui!" Mwanamke alimtazama, kisha akatazama mtandio wake uliokaa upande, nywele zikichungulia. "Umesimamisha watu wote hawa na hujui."

Bi Hakika alisema pole, na pole hiyo ilitoka ndogo, akapita.

Chini ya mkia walikuta fundi wa kituo kile ameshaweka ngazi na kufungua kifuniko. Nukta alikataa kioo. Alitaka rodi ifunguliwe, itolewe, isomwe juani. Wakafungua bolti moja baada ya nyingine. Rodi ikatoka. Ilikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, ya kijivu, na baridi. Aliigeuza.

Ilikuwa 2085.

Nukta aliisoma mara tatu, ya tatu kwa kidole. Alichukua picha, akaandika.

Fundi wa kituo aliimulika rodi kutoka ncha hadi ncha, akaipangusa, akaimulika tena kwa lenzi. "Lakini mbona nzima?" alisema. "Haina hata mkwaruzo. Hii ingeruka mwaka mzima."

Hilo ndilo neno lililotangulia kurudi nyumbani kabla yao. Mpaka Bi Hakika anafika karakanani asubuhi iliyofuata, kila mtu alishajua kwamba rodi ilikuwa nzima, kwamba ndege ilichelewa saa sita, na kwamba Shemeji ameitwa ofisini. Ndani ya siku tatu shauri lilikatwa. Bi Hakika alinyang'anywa muhuri kwa miezi mitatu, akapelekwa stoo kupanga spea. Shemeji alinyang'anywa kwa miezi sita, akapewa barua ya pili, na akaambiwa ya tatu itakuwa ya kufukuzwa kazi.

Jioni ya siku hiyo mama mkwe alikuja. Hakukaa. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Mkwe wangu, nimekulea kama binti yangu. Sivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Mdogo wako amekosea, sawa. Lakini mwenye kosa huitwa pembeni. Haitwi barazani."

"Nilimwita pembeni, mama. Ndege haikuwa pembeni."

"Na hicho chuma kilikuwa kizima!"

"Kilikuwa kizima kwa macho."

"Basi na sisi tuna macho," mama mkwe akasema, na akaondoka. Mumewe, aliyekuwa amesimama jikoni na sahani mkononi muda wote huo, aliiweka chini na kusema, "Ningefanya kama wewe." Baadaye kidogo akaongeza, "Lakini usinitume kwa mama wiki hii."

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Stoo ilikuwa na rafu kumi na nne, na Bi Hakika alizipanga, akazipangua, akazipanga tena. Alisoma namba ya kila kisanduku mara mbili. Nyumbani aliinuka mezani kwenda kuangalia jiko ambalo alikuwa ametoka kulizima. Mara tatu alichukua simu apigie ule uwanja wa mbali, aulize kama kuna anayemfahamu mwanamke wa miwani ambaye baba yake alipasuliwa, na mara tatu akaiweka, kwa sababu hakujua jina lake wala angesema nini. Hakuja kujua kamwe. Shemeji alipopita stoo alipita kama anayepita ukuta.

Wiki ya sita barua ikaja kutoka kiwandani. Nukta aliwakusanya mafundi wote chini ya bawa la ndege iliyokuwa matengenezoni, akaisoma kwa sauti ileile anayosomea orodha ya ovaroli. Rodi namba 2085 imekatwa na kuchunguzwa. Ndani ya tundu la bolti, chini ya bushi, kile kipete kinachozunguka bolti, mahali pasipoonekana bila kuivunja, pamekutwa ufa wa milimita nne. Alipofika nukta ya mwisho, akaikunja.

Watu waligeuka kumtazama Bi Hakika. Mmoja akaanza kupiga makofi, akaona hafuatwi, akaacha. Bi Hakika hakuhisi ushindi wowote. Alihisi siku zile nne. Alizihesabu: safari mbili Jumatano, tatu Alhamisi, mbili Ijumaa, moja Jumamosi asubuhi. Safari nane zilizoruka juu ya saini yake. Alikwenda chooni akajifungia, akaosha mikono muda mrefu.

Aliporudi stoo, alimkuta Shemeji amekaa juu ya kreti la matairi. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa sababu ya mapacha.

"Nimekaa na hili jambo tangu juzi," alisema bila salamu. Alimpa karatasi. "Hizi ni ndege tatu. Mwaka huu, mimi na wewe, tulisoma kwa kioo. Na mara zote tatu sikupanda."

Bi Hakika aliisoma karatasi. Ilikuwa na tarehe, namba za ndege, na pembeni kabisa, kwa mwandiko mdogo: sikuangalia, sikuangalia, sikuangalia.

"Hakuna aliyekuuliza," alimwambia.

"Hakuna."

"Barua ya tatu hii, Shemeji."

"Najua. Twende kabla sijabadili mawazo. Nimeshabadili mara mbili nikiwa hapa kwenye kreti."

Walikwenda. Nukta aliisoma karatasi, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akauliza ndege hizo zipo wapi. Mbili zilikuwa karakanani na ya tatu ingetua alasiri. Zote zilikaguliwa siku hiyo hiyo na watu wengine. Namba zilikuwa sawa katika mbili; katika ya tatu tarakimu moja ilikuwa imekosewa, lakini kifaa chenyewe hakikuwa cha toleo lolote baya. Ikarekebishwa. Barua ya tatu haikuandikwa. Nukta alisema kwamba kanuni inamruhusu kumwadhibu anayeficha, na kwamba ameisoma yote, hajaona inaposema aadhibiwe anayeleta. Kisha akaandika agizo la karakana: namba isisomwe kwa kioo, ipigwe picha, na wa pili asiwe na daftari la wa kwanza mkononi.

Mama mkwe alichukua muda zaidi. Mwezi mwingine ulipita kabla hajapiga simu, na alipopiga aliongea habari za mapacha tu, wameanza kucheka kwa sauti, mmoja anajigeuza. Bi Hakika alizipokea habari hizo zote kana kwamba ni samahani, na pengine zilikuwa hivyo.

Mihuri ilirudi, wa kwake kwanza, wa Shemeji miezi mitatu baadaye. Asubuhi ya kwanza waliyopangwa pamoja tena, kazi ilikuwa bawa la mkia la ndege nyingine. Bi Hakika alifanya, akapiga picha, akaandika namba kwenye karatasi yake, akaikunja mfukoni. Akataka kusema kitu.

"Shuka, shemeji," Shemeji akamwambia. "Niangalie mwenyewe."

Akashuka. Alisimama chini ya ngazi bila daftari, bila tochi, mikono haina pa kwenda. Juu, tochi ya Shemeji ilizunguka, ikatulia, ikazunguka tena. Alikaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alibadili mguu wa kusimamia. Bi Hakika alitamani kuuliza, akajizuia, akatamani tena.

Hatimaye Shemeji akashuka na kipande chake cha karatasi. Wakazifungua zote mbili juu ya meza ya zana. Zilitofautiana kwa tarakimu moja, ya mwisho: kwa Bi Hakika sita, kwa Shemeji nane.

Walitazamana. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba amekosea. Wakachukua tochi zote mbili, wakasogeza jukwaa la pili kando ya ngazi, wakapanda wote wawili.